Baba Aliyekuja Siku ya Matokeo

Siku moja ya matokeo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa mwaka wa tano, kule Kinama. Wazazi walikusanyika uani mwa shule, mkuu wa shule akawa anatuita mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Baba yangu alivaa koti lake la kanisani, akasimama mbele kabisa. Majina yakaitwa, yakaitwa. Langu lilipofika, wapiga makofi walikuwa wameshachoka.

Baba hakuningoja. Nilimkuta nyumbani akimwambia bibi, mama yake, kwamba shule imenishinda, nibaki niuze makaa. Nililia sana, maana shule niliipenda, hata kama yenyewe haikunipenda.

Bibi alikuwa akichambua maharage. Hakuinua sauti.

“Mutoto yako anasoma mwaka ya ngapi?”

“Ya ine,” baba akajibu.

“Apana, ya tano. Na mwalimu yake anaitwa nani?”

“Mama, mi niko na kazi mingi.”

“Mbuzi yako ikikohoa, unajua. Mutoto yako akikwama ku masomo, unangoja watu wakutangazie!”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na baba, pamoja na urefu wake wote, aliinama. Shule sikuachishwa. Kila jioni, tukishakula, aliketi nami mkekani: “Leo mulisoma nini?” Kifaransa, lugha tuliyofundishiwa shuleni, hakukijua, lakini nilipomweleza ndipo nilipogundua nisichokielewa, na kesho yake nikamwuliza mwalimu. Mwaka uliofuata sikuwa wa kwanza, usinicheke. Nilikuwa katikati. Baba alipiga makofi mpaka watu wakageuka.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikusikia ukimwambia mwanao kwamba asipokuwa wa kwanza asikuamkie. Nilihuzunika. Kutarajia si dhambi, mwanangu. Mzazi asiyetarajia lolote ameshamtupa mtoto. Lakini umleavyo ndivyo akuavyo, na karo peke yake hailei. Mwulize amejifunza nini kabla hujamwuliza amekuwa wa ngapi. Mfahamu mwalimu wake mapema, si siku ya lawama. Na siku akishindwa, mshike mkono mrudi nyumbani pamoja, kwa sababu siku hiyo ndiyo anayokuhitaji zaidi.

Mungu akupe subira ya kumsikiliza mwanao, na akuweke mpaka umwone naye akimsikiliza wa kwake.