Glavu ya Sumaku

Klabuni kwetu kuna kabati la kioo, na ndani yake glavu ya kulia iliyopasuka kuanzia kiganjani hadi kwenye kifundo cha mkono. Wageni huambiwa ilipasuliwa na mpira wa kasi siku ya fainali. Ni mpira gani unaopasua ngozi kwa mstari ulionyooka hivyo, hawajiulizi.

Mwenye glavu ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Tulimwita Sumaku, maana mpira wa kriketi ukimpita mpigaji, yeye aliyechutama nyuma ya vijiti hakuuacha. Akishika gongo la kupigia mpira, ndiyo balaa zaidi. Mimi nilikuwa mdakaji wa akiba. Nilisugua benchi mpaka likang'aa, nikingoja shemeji ashikwe walau na mafua. Wapi!

Wiki ya fainali nilikula kwao. Dada akamkatia mumewe nyama vipande vidogo kama anamlisha mtoto. Chai, Sumaku akaishika kwa mkono wa kushoto. Machale yakanicheza. Nikamrushia funguo kwa utani. Akaziacha zianguke, kisha akacheka kicheko kirefu kisicho na sababu.

Nikamfuata dada jikoni, nikamuuliza mkono wa shemeji una nini. Akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Hauna kitu," akasema. "Na ukipeleka maneno kwa kocha, usikanyage tena kwangu."

Mkono usio na kitu haulindwi namna hiyo. Nilikasirika, sifichi. Ile ilikuwa fainali ya kwanza ya klabu, na mimi umri ulikuwa unanitupa mkono. Lakini dada ndiye aliyenilea. Nikaufyata.

Siku yenyewe tulianza sisi kupiga. Nikiwa benchini sikubandua macho kwake: gongo lote lilikuwa mkono wa kushoto, wa kulia umeegeshwa tu, na bado alipiga kuliko wote. Tulipoingia kulinda, kila alipodaka alijifanya anafuta jasho. Mpira wa mwisho aliudaka akiwa amelala chini, tukawa mabingwa, wakambeba juu juu.

Chumbani mwa kubadilishia nguo akafunga mlango, tukabaki wawili. Glavu ilikataa kuvuka. Akanipa makasi ya bandeji.

"Kata, shem."

Nikakata. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba, cheusi, kimepinda upande.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilishuku. Dada akanikataza kusema."

Akakitazama kidole chake, si mimi. "Mimi ndiye niliyemwambia akukataze. Nilijua kwake huna ubavu."

Siku hizi, akisimama na wageni mbele ya lile kabati, husimulia ule mpira wa kasi, kisha huninyooshea kile kidole kilichopinda. "Muulizeni shemeji, alikuwepo."

Wote hunigeukia. Nami hujibu kwamba nilikuwepo. Glavu nilizozivaa benchini siku ile ziko nyumbani, bado ngumu kama zilivyotoka dukani.