Amri ya Kurudi Nyumbani

Shirika la umma lililoniajiri lilipobinafsishwa, sisi wa chumba cha kompyuta tulikuwa wa kwanza kuambiwa asante, kwaheri. Nikaangukia shule mpya ya binafsi kule Akheri, kwenye mteremko wa Meru, ambako mwenye shule alikuwa amenunua kompyuta sita za mtumba na hana wa kuziwasha. Niseme ukweli: sikuwapenda watoto. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, na wao ndio waliokuwa karibu. Hasira hasara, wanasema. Zangu zilikuwa hasara ya watoto wa watu.

Niliwafundisha wa darasa la pili na la tatu kuandika amri za kutembeza picha. Unamchora mtu, unampa amri: nenda, geuka, sema, ngoja. Hadithi inagawanywa katika maonyesho, na kila onyesho jipya hufunguka likiwa tupu. Unayemtaka awepo lazima umnakili kutoka onyesho la nyuma, usipomnakili, hayupo. Hilo liliwashinda wengi. Walizoea ngano za bibi zao, ambamo sungura akitajwa mwanzoni yupo mpaka mwisho bila mtu kumbeba.

"Madam, sungura wangu kaenda wapi?"

"Umemwacha nyuma. Kompyuta haikosei. Inafanya ulichoandika, basi. Kosa ni lako."

Nililisema hilo kila siku, mara kumi kwa kipindi, na sikuwa nalisema kwa upole.

Kulikuwa na binti wa miaka minane, mkimya, sweta lake la shule limefumuka kiwikoni. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya mlimani tangu masika yaanze. Kwetu mtoto haambiwi ugonjwa wa mzazi. Huambiwa mama anapumzika, na akiingia ndani wakubwa wanabadilisha mazungumzo. Mimi shangazi yake alikuwa ameshaninong'oneza getini kwamba mgonjwa wao hana siku nyingi.

Hadithi ya binti huyo ilikuwa na maonyesho matatu. La kwanza nyumbani, mama na mtoto wanakata ndizi. La pili, mtoto peke yake anapanda njia ya miguu, chupa ya chai mkononi. La tatu kitanda, mama amelala, mtoto amesimama pembeni. Hapo aliweka amri moja tu: ngoja.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Bado, madam. Tunangoja."

Siku ya wazazi ilikuwa imebakiza wiki moja. Mwalimu mkuu alishatuagiza hadithi zote ziishe kwa furaha, kwa kuwa wazazi hawaji shuleni kutazama majonzi. Ningeweza kumtetea mtoto. Sikumtetea. Nilivuta kiti, nikafungua onyesho la nne, nikamnakili mama kutoka kitandani na kumsimamisha mlimani, mwanzo wa ile njia, bintiye kando. Nikamwambia aandike mwenyewe: mama, nenda nyumbani, fika migombani, simama.

Akanitazama. "Nikiandika, atarudi?"

Nilijua anauliza nini. Ningeweza kumwambia kwamba ile ni picha tu. Lakini mgao wa umeme ulikuwa unaanza saa kumi, na nyuma yake watoto walikuwa wanasukumana kusubiri zamu.

"Andika, atarudi," nikasema.

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Mama akateremka mlima, akasimama katikati ya migomba. Binti akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu nimfahamu, na mimi mjinga nikajisifu moyoni kwamba kumbe kazi hii naiweza.

Mama yake alifariki siku mbili kabla ya siku ya wazazi.

Walimu tulikwenda kuzika. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na Meru ilikuwa imejifunika ukungu hadi miguuni. Huko mtu huzikwa nyumbani kwake, na kaburi lilikuwa limechimbwa shambani, kati ya migomba na mibuni. Niliona jeneza likiteremshwa kwa ile njia ya miguu, likafika migombani, likasimama. Nikashika mgomba uliokuwa karibu, nikaona aibu kulia mbele ya wafiwa, nikalia hivyo hivyo.

Baada ya maombi binti alinijia, amevalishwa kanga ya mtu mzima iliyomzidi urefu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Akanivuta mkono hadi nikainama, akaninong'oneza ili shangazi yake asisikie.

"Amri yetu imefanya kazi, madam. Amerudi. Ila mimi nilikosea. Niliandika arudi tu. Sikuandika awe mzima."

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na sijasikia tena neno lililoniumiza kama hilo. Nilipiga magoti kwenye matope, nikamshika mabega, nikamwambia kosa si lake, zile zilikuwa picha tu, wa kulaumiwa ni mimi niliyemdanganya. Nilirudia mara mbili, mara tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akatikisa kichwa taratibu, kama nilivyokuwa nikiwafanyia darasani.

"Hapana, madam. Aliyeandika ni mimi."