Ekaristia, msaga unga aliyewapima Doriko na Meleno

Saa moja asubuhi foleni imeshafika barabarani. Mashine ya kusaga inanguruma hapa Msamala, mjini Songea, na Ekaristia Luambano (34) anamimina mahindi, nyusi zake nyeupe kwa unga. Mwandishi aliyesogea kumhoji naye ameshageuka babu.

"Pole, ndugu mwandishi. Hapa hatoki mtu msafi," anacheka.

Huu ni mwezi wake wa mwisho kazini. Julai hii ya 1997 anaingia chuo cha ualimu, na kila anayemsalimia anaambiwa habari hiyo, hata asipouliza.

Ana haki ya kujidai. Alikuja hapa baada ya ushirika aliokuwa karani wake kupunguza wafanyakazi, na kwa mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi amesomesha watoto watatu. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, Kiswahili kikamwangusha mara mbili. Bila somo hilo chuo kisingempokea.

Mwalimu mstaafu Polikarp akamkaribisha kwenye darasa lake la jioni parokiani. Huko walisoma tanzia ya kale kuhusu mji uliozingirwa na maadui, wenye mahasimu wawili wanaogombea uongozi. Doriko anafunga ghala na kupima kila kibaba, vilio havimgeuzi. Meleno, zamu yake ikifika, anamfungulia kila anayelia, mpaka ghala linabaki tupu. Mji unaanguka. Swali: linganisha sifa zao za uongozi.

"Mimi nilimpenda Meleno moja kwa moja. Doriko nilimtukana kurasa mbili," anasema Ekaristia. "Mwalimu akanipa alama nne kati ya ishirini."

Kilichomfumbua macho ni kosa lake mwenyewe. Hapa mashineni mahindi ya msiba hayapangi foleni. Siku moja walikuja wafiwa kutoka Mshangano na magunia matatu, naye akawasagia yote bila kuangalia dizeli. Mashine ikazima. Aliyefuata alikuwa Biasha, muuza mboga wa Ruhuwiko, mwenye nusu debe tu na mtoto nyumbani aliyetoka kuugua malaria. Akarudi na mahindi yake vilevile.

Kesho yake Biasha alikuja tena. Hakutukana.

"Nilimwambia, dada, msiba una haki yake, wala sikatai. Lakini tuliobaki ungetuuliza. Nilitaka unga wa uji tu, wafiwa wenyewe wangenipisha," anakumbuka Biasha.

Ekaristia alilia mbele ya watu. Jioni hiyo akaandika upya: Doriko ana nidhamu na anajua akiba, Meleno ana huruma, lakini hakuna hata mmoja aliyewauliza wenye njaa wanataka nini. Safari hii alitaja ushahidi wa kila onyesho. Mwalimu akampa kumi na saba. Swali la namna hiyo likaja kwenye mtihani, naye akafaulu.

"Namshukuru Mungu, namshukuru mwalimu. Ila huyu Biasha ndiye niliyemkosea, na ndiye aliyenifaulisha. Nitampa nini mimi?" anauliza, machozi yakimlengalenga.

Akihitimu, ataomba kupangiwa hapahapa Songea, na jioni afungue darasa la watu wazima. Biasha, aliyesimama pembeni na ndoo yake, anamkatiza.

"Mimi niliishia darasa la nne, dada. Jina langu liandike la kwanza."