Taa Zikiwaka, Toka

Redio ya jirani ilipoanza kusoma habari za saa mbili usiku, Dorca Nekoye alikuwa ameshatoka nje mara tano kutazama njia. Binti yake Nasambu alikuwa ameenda sinema mjini na mwenzake wa shule, Jentrix. Picha ilianza saa kumi na mbili jioni. Kwa hesabu ya Dorca iliisha saa moja na nusu, na kutoka mjini hadi Nyalenda ni mwendo wa nusu saa kwa mtu asiyezubaa. Nasambu hakuwa msichana wa kuzubaa.

Habari zikaisha, muziki ukapigwa, muziki nao ukaisha. Njia ilikuwa tupu.

Wiki ile yote wanawake walikuwa wakisimulia bombani juu ya gari jeusi lisilo na namba. Lilisemekana linapita polepole jioni na kuchukua watu wa kutolewa damu. Wengine walicheka. Dorca hakuweza. Mumewe, Waliaula, alikuwa fundi kwenye meli, na usiku ule alikuwa mbali ziwani. Kwa hiyo ruhusa ya kwenda sinema ilikuwa ya Dorca peke yake. Nasambu alikuwa na miaka kumi na mitano na hakuwahi kwenda huko. Dorca alimruhusu kwa sababu picha yenyewe alikuwa ameiona Jumamosi iliyopita, akaipima na kuona haina aibu.

Kupima picha ilikuwa sifa yake pale mtaani. Mwaka huo wa 1973 ulikuwa wa nane tangu aanze kupiga pasi katika nyumba moja kubwa ya Milimani, na Jumamosi kazi ilipoisha mapema alikuwa akiingia onyesho la saa tisa. Alikaa karibu na mlango, kwa kuogopa kubanwa. Kesho yake wanawake walimngoja bombani awaambie. Maneno yake yalikuwa machache. Picha ya Wazungu wa farasi: risasi nyingi, hakuna anayepika. Ya Wachina wanaorukiana mateke: vijana hodari, lakini wazazi wao wako wapi? Hata televisheni ya Milimani, aliyoiona kupitia mlango wa jikoni huku pasi ikipoa, aliitolea hukumu. Ule mchezo wa kila Alhamisi, alisema, watu wanagombana sebuleni mwezi mzima na hakuna hata mmoja anayekwenda kazini.

Za Kihindi ndizo alizozipenda, na ndizo zilizomnyima usingizi.

"Nyimbo tamu, nguo nzuri, mwisho mbaya," alikuwa akisema. Mtoto hupotea, mama hulia, taa zinawaka, watu wanatoka. Alikuwa ameona hivyo mara nyingi mno. Usiku, watoto wake wakiwa wamelala, aliwahesabu kwa mkono gizani.

"Sasa wewe nyar Bungoma," Benta Aoko, jirani yake muuza samaki, aliyezoea kumwita binti wa Bungoma kwa Kijaluo, alimwambia siku moja, "unalipa pesa yako ukalie? Njoo kwangu nikukatie kitunguu bure."

Ilipofika saa mbili na nusu Dorca alienda kumgongea Benta huyohuyo. Benta hakuuliza maswali mengi. Alijitupia leso mabegani, wakamwachia kijana mkubwa wa Benta, Ouma, watoto wadogo, wakashika njia ndefu yenye taa. Ndiyo njia Dorca aliyomwagiza binti yake. Alikuwa amemwambia mara tatu kabla hajatoka: taa zikiwaka, toka, usisimame kuongea na mtu, fuata watu wanaotoka. Njiani walitazama kila kivuli. Hawakukutana na Nasambu.

Mlangoni pa sinema alikuwa Absalom, mzee wa kupokea tiketi, aliyemfahamu Dorca kwa miaka yote hiyo. Dorca akamuuliza, akihema, kama watu wa onyesho la saa kumi na mbili walitoka salama.

"Hawajatoka, mama," Absalom akasema. "Picha bado."

Dorca akamwambia asimfanyie mchezo. Ile picha anaijua. Inaishia stesheni ya gari moshi, mtoto anapotea, taa zinawaka.

Mzee akamtazama kwa huruma kidogo. "Hizo taa ni za mapumziko. Watu wanatoka kununua njugu, halafu wanarudi. Wewe kila Jumamosi unakwenda zako, na mimi nasema moyoni, huyu mama ana jiko linalomngoja."

Benta akashika ukuta kwa kicheko. "Miaka minane! Umetufanya tulie bombani miaka minane, kumbe kwenye picha watu walishapatana!"

Dorca naye alitaka kucheka. Mtoto alikuwa ndani. Alimwomba Absalom amruhusu amwone tu, na mzee akampa tochi yake, akamwambia aielekeze chini.

Ndani, kwenye kitambaa kile kikubwa, yule mtoto wa stesheni alikuwa sasa mwanamume mwenye masharubu, na mama yake mzee alikuwa akimshika uso. Dorca hakumtazama. Alipita safu kwa safu akitafuta sweta ya kijani ya binti yake. Katika safu ya saba alimwona Jentrix, analia kwa raha, amefunika mdomo. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

"Nasambu yuko wapi?"

Jentrix aliruka. "Si alirudi nyumbani? Alitoka taa zilipowaka. Nilimwambia bado, ni mapumziko. Akasema, mama yangu ameiona yote, anajua."

Dorca hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika nje. Alichokumbuka ni hesabu. Saa moja na nusu. Sasa saa tatu ilikuwa imepita. Mtoto alikuwa amefuata watu wanaotoka, nao watu wakaishia kwa muuza njugu na kurudi ndani, akabaki peke yake barabarani. Angekaa, angerudi na umati. Aliyemtoa ni mamake.

Absalom alipoelezwa, alikuna kichwa. Naam, alikuwepo msichana wa sweta ya kijani. Alisimama ngazini muda mrefu, akiangalia huku na huku. Halafu gari likapita polepole, naye akashuka ngazi haraka, akaelekea upande wa Milimani. Gari la rangi gani? Mzee hakuangalia rangi.

Benta hakuwa akicheka tena. Akasema twende polisi. Dorca akasema Milimani kwanza, na alikuwa ameshaanza kwenda.

Njia ya Milimani ni ya miti mikubwa na ua mrefu, na nyumba ziko mbali kiasi kwamba mtu akipiga kelele, mwenye nyumba atadhani ni ndege. Dorca aliipita kila siku mchana. Usiku hakuwahi. Benta alivua viatu akavishika mkononi apate kukimbia. Kila palipokuwa na mtaro Dorca alisimama na kuchungulia, akiogopa kuona rangi ya kijani, na asipoiona akaogopa zaidi.

Huko kulikuwa na mlango mmoja tu ambao Nasambu aliujua: chumba cha nyuma cha nyumba ile ya kupiga pasi, anamolala Milka, mtumishi wa ndani. Wenye nyumba walikuwa wamesafiri. Mbwa alimtambua Dorca akanyamaza. Chumba kilikuwa giza, mlango umefungwa.

Alibisha. Akabisha tena.

"Nenda zako," sauti ya Milka ikasema kutoka ndani. "Nina panga."

"Milka, ni mimi, Mama Nasambu. Mtoto yuko humo?"

Dorca akasikia pumzi nyuma ya mbao, hakujua ni za mtu mmoja au wawili.

"Jina kila mtu analijua," Milka akasema. "Hata wale wa gari wanaweza kuwa wanalijua."

Dorca akaweka paji la uso mlangoni. Alitafuta neno ambalo mtu wa gari hawezi kulijua, na alilolipata lilikuwa moja tu.

"Nasambu, nilikudanganya bila kujua. Picha haikuwa imeisha. Miaka yote hii nilikuwa natoka katikati. Kosa ni langu, si lako."

Ndani kitu kikaanguka, kama bakuli.

"Mayi?" Ilikuwa sauti ndogo, iliyokwisha kulia sana. "Uko na nani?"

"Niko na mama Ouma."

"Na viatu vyangu mkononi," Benta akasema, akihema. "Fungua, mtoto, nyasi hizi zina siafu."

Komeo likavutwa, likakwama. Dorca na Benta wakawasikia wale wawili ndani wakigombana nalo, Milka akisema vuta huku. Akalipiga kwa mpini wa panga, mara moja, mara mbili, na mlango ukafunguka.