Mama Dancille na Nusu ya Mbegu

Mama mkwe wangu, Dancille, hapandi mbegu yote siku moja. Tangu mwanawe Gisubizo anioe hapa kijijini Karuba, nimemwona akigawa maharagwe kwa vidole: nusu kwa mvua ya kwanza, nusu inabaki chunguni hadi ile ya mwanzo iote vizuri. Macho yake yalikuwa yamejaa ukungu, kama milima yetu asubuhi. Hakuwahi kuniona. Miaka mitatu alishika mkono wangu kwenda shambani, kanisani, hata chooni, na njiani alinisimulia ndoto zake: maharagwe mekundu, ya njano, ya madoadoa, yakiteremka kilimani polepole bila sauti. Alikuwa mkaidi, nami nilimpenda na ukaidi wake.

Mwaka jana madaktari wa macho walikuja kwa wiki moja katika hospitali ya misheni. Daktari Estelle alisema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwa kuwa barabara yetu hufungwa bila taarifa, afadhali apasuliwe yote siku moja. Mama akakataa. Mwanga kidogo uliobaki ulimwonyesha mlango uko wapi. Huo nao ukipotea, alisema, ataingia kaburini kabla ya kufa. Nilikasirika, maana nilijua hatutapata nafasi nyingine.

Ndipo akaanza kumweleza daktari habari za mbegu. Niliona aibu. Lakini daktari alivuta kiti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, na mimi napandaka vile," akasema. "Kila jicho, kwangu, iko mugonjwa ya peke yake. Nikimaliza ya kwanza, nanawa upya, nakamata vyombo ingine, dawa ya katoni ingine. Na ya kwanza ikileta shida, ya pili naiacha."

Mama aliuliza kama hatari imekwisha kabisa. Daktari hakumficha: kidonda kinaweza kuoza, ila ni mara chache sana. Mama akasugua vidole kana kwamba anachambua maharagwe. Kisha akasema twende.

Baadaye alinisimulia kwamba mle ndani alijihisi akielea. Katikati, kabla ya jicho la pili, alisikia maji ya kunawa yakimwagika kwa muda mrefu, akadhani mwanamke mwingine ameletwa kitandani. Mwanamke huyo alikuwa yeye.

Kesho yake bandeji zilitolewa. Hakutazama uso wangu kwanza. Aliuchukua mkono wangu, akaugeuza, akaliangalia kovu la panga kwenye kidole gumba, alilolijua kwa kulipapasa tu, ndipo akapandisha macho taratibu.

"Njo wewe," akasema: kweli ndiye mimi.

Nililia kama mtoto.

Siku ya kurudi tulimalizia njia kwa miguu. Alitangulia, akitaja rangi za kila kitu, na mkono wangu ukakosa kazi. Sikujua kwamba ningeumia hivyo. Tulipofika kijitoni alisimama. Mawe aliyaona vizuri, nina hakika, lakini alinyoosha mkono nyuma, akautafuta wangu.