Figo Lililopasuliwa Mara Mbili

Bomba lililochomelewa mara mbili mahali pamoja mimi hulitupa. Nina stashahada ya majokofu na viyoyozi, ada nimejilipia mwenyewe kwa kubeba magunia stesheni ya Tura, kisha nikafanya kazi Maskati miaka kumi na minne. Nyumba yangu ya Ntalikwa ndiyo ya kwanza mtaani kuwekwa vigae, na hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo daktari aliponipasua ubavu wa kushoto, akakata kipande cha figo chenye saratani na kuacha kilichobaki, nilimwuliza kama fundi kwa fundi: kazi imekamilika? Akasema imekamilika.

Miaka mitatu baadaye nilipigwa picha tena, na majibu akaitiwa mdogo wangu.

Ndivyo tulivyo huku. Mgonjwa hubaki kwenye benchi, ndugu huingia ndani, na akitoka huja na maneno yaliyopunguzwa makali. Mdogo wangu alitoka na bahasha kwapani.

"Kovu tu, kaka. Wanataka kulirekebisha kidogo."

"Kovu linarekebishwa kwa nusu kaputi?"

"Kidogo tu, kaka."

Tangu hapo akawa anakuja kila jioni, anazunguka shamba langu, anauliza mpaka unaishia wapi. Mkewe alileta uji wa ulezi. Niliwamwagia kuku kwanza, nikakaa kuwatazama. Hawakufa, lakini sikuunywa. Daktari naye nilimshuku: ama alisahau kitu ndani yangu, ama anataka kujifunzia juu ya mwili wangu.

Kisha akaja mtani wangu, mama wa Kigogo mwenye genge la maandazi jirani. Wagogo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu mababu zetu walipokatiza nchi yao na pembe za ndovu mabegani, na mtani ana ruhusa ya kusema ambalo ndugu hathubutu.

"Wewe mla michembe ya viazi! Saratani imekurudia, bado unafuta vigae?"

"Nani kakwambia, ombaomba wewe?"

"Mdogo wako. Kila siku analia gengeni kwangu. Hapa hawezi kulia, unamtisha na stashahada yako. Ukifa naichukua nifungie maandazi."

Damu ilinichemka. Lakini nilijua mama huyu hajawahi kunibembeleza kwa lolote. Jumatatu nilimwacha mdogo wangu kwenye benchi, nikaingia kwa daktari pamoja na mtani wangu.

"Daktari, huyu Mnyamwezi ukimpasua tena atakufia mezani?" mtani akauliza.

Daktari alitazama mlangoni, akimtafuta ndugu. Alipoona haji, akanigeukia mimi.

Alisema uvimbe umeota kwenye figo lile lile, na haujaonekana kwingine. Kupasua mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza: makovu huwa yamegandisha figo kwenye utumbo na mishipa mikubwa, damu yaweza kutoka nyingi, mkojo waweza kuvuja ndani. Akishindwa kuokoa kipande kilichobaki ataliondoa figo lote. La kulia limeshachoka kwa shinikizo la damu, kwa hiyo naweza kuishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Wapo waliopasuliwa hivyo wakaishi miaka mingi. Wapo ambao ugonjwa uliwarudia tena.

"Uliacha kitu mara ya kwanza?"

"Huenda zilibaki chembe nisizoweza kuziona. Huenda huu ni uvimbe mpya. Sijui, mzee."

"Nisipopasuliwa?"

"Uvimbe utaendelea kukua."

"Hajui kudanganya huyu," mtani akaniambia, wala hakushusha sauti. "Tia saini, twende, maandazi yangu yanaungua."

Nilisoma karatasi nzima mara mbili, nikimwangalia daktari kila nikifika mwisho wa mstari, ndipo nikatia saini kwa mkono wangu.

Nilipozinduka wodini, mdogo wangu alikuwa kando ya kitanda. Nilimwuliza wamebakiza nini. Aliangalia shuka, kisha akaniangalia usoni.

"Wameliondoa lote, kaka. Lilikuwa limeng'ang'ania utumbo. Umeongezewa damu."

"Na saratani?"

"Daktari hajui kama imekwisha. Na la kulia wanaliangalia kwa kupima mkojo kila saa."

Ubavu uliwaka, nikamwomba anisaidie kugeuka.