Marahaba ya Mzee Ntandu

Nakumbuka jioni moja kule Itigi, mwanangu, nimeupita mlango wa ukumbi wa karate, nikarudi, nikaupita tena. Nimejifunga khanga juu ya suruali ili watu wasiione suruali. Mkononi nina ndoo tupu, nikiulizwa niseme naenda bombani. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara akachoka kunitazama, akaniita, "We binti, kwani bomba limehama?" Ndipo nikaingia. Niliingizwa na aibu, ujasiri sikuwa nao.

Nakwambia haya kwa sababu mama yako kaniambia jana ulifika mpaka kwenye ngazi za ukumbi ule wa karibu na soko, hapa Ikungi, ukageuza, na zile nguo nyeupe za karate umezisukumia chini ya kitanda. Kaa hapo kwenye kigoda. Mimi nitasimama, unanijua bibi yako siwezi kukaa kitako nikiongea. Na asubuhi uliponiamkia nikanyamaza, usidhani masikio yamekufa. Tutafika huko.

Ujanani sikuwa mtu wa kumaliza jambo. Cherehani nilianza, nikaacha. Kwaya nilianza, nikaacha siku niliyopangiwa kuimba peke yangu. Mama yangu hakusema kwa ubaya, lakini nilimsikia akimwambia jirani, "Huyu wangu ni wa kuanza tu." Neno hilo lilinichoma kuliko miiba ya vichaka vya Itigi, na ile miiba inatoboa kandambili. Nikaapa moyoni kwamba karate nikiiacha, basi sitajaribu tena kitu kingine chochote maishani. Ujana bwana, mtu anaapa mambo makubwa akiwa ameshika ndoo.

Mle ndani walikuwa vijana wa rika langu, wote wa kiume, na mzee mmoja. Mzee Ntandu. Alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, mchana anatengeneza njia ya reli, siku za mapumziko yuko porini na mizinga yake ya nyuki. Alijiunga na karate, alivyosema mwenyewe, kwa kuwa amechoka kukaa kilabuni kusikiliza hadithi zile zile. Mwalimu akatupanga wawili wawili: mmoja apige ngumi ya kifua, mwenzake aizuie. Akatupa jicho huku na huku, akaniweka na Mzee Ntandu.

Sasa wewe ni mtoto wa huku, unajua tulivyolelewa. Mkubwa humkodolei macho. Unapiga goti kidogo, unainamisha uso, unasema shikamoo, unasubiri. Mwalimu akasema tuanze, na mimi nikapiga goti katikati ya ukumbi. "Shikamoo, baba." Vijana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikasimama, nikarusha ngumi huku nikitazama sakafu, ikapita hewani mbali na bega lake, makusudi kabisa. Nikarusha nyingine, hivyo hivyo. Mzee hakuinua hata mkono.

"Unampiga nani?" akaniuliza.

"Nakupiga wewe, baba."

"Mimi niko hapa. Huko unakopiga hakuna mtu." Hakupandisha sauti. "Nimekuja kujifunza kuzuia. Ukinipa ngumi za uongo, siku nikikutana na ya kweli nitaanguka, na utakuwa umeniangusha wewe. Hiyo ndiyo heshima uliyofundishwa?"

Nikasema tena shikamoo.

"Hiyo sijaipokea," akasema. "Nitaitikia siku utakayonipiga kweli."

Mwanangu, nyie wa siku hizi mnatoa shikamoo huku mnabonyeza simu, kama imeitikiwa au haikuitikiwa hamna habari. Kwetu mzee akikunyima marahaba, chakula hakipandi. Nilikosa raha kabisa. Nilichagua mchele nikatupa mchele nikabakiza mawe. Nilikwenda bombani nikarudi bila ndoo. Njia ya reli nikawa naizunguka kwa mbali nisije nikakutana naye. Nikasema siendi tena. Na woga una maneno mengi, usiuone hivi: ukumbi una vumbi, karate ni ya wanaume, mimi mwembamba, mikono yangu mifupi. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nikajisifu hivyo, nikiwa jikoni peke yangu, tena kwa sauti.

Mama akanisikia. "Una nini wewe? Siku hizi hutulii." Nikamweleza yote. Akaweka ungo chini. "Mzee mzima hakuitikia shikamoo yako, na wewe uko hapa unasonga ugali?" Akaanza kufunga khanga, akachota karanga kwenye bakuli, tayari kwenda kuniombea radhi. Hapo ndipo aibu ikanishinda. Msichana mzima, mama yangu aende kuomba msamaha kwa mtu kwa sababu sikumpiga ngumi! Nikamshika mkono, nikamwambia, mama kaa, nitakwenda mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilishavua, watu wakanicheka.

Usidhani woga uliisha njiani. Ulizidi. Nilipofika mlangoni nilikuwa naomba Mungu mwalimu awe mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Nikasimama mbele ya Mzee Ntandu, na kwa mara ya kwanza nikamtazama machoni. Yalikuwa mekundu, macho ya mtu wa moshi wa nyuki. Ukali sikuuona. Nilichokiona ni kwamba naye ana wasiwasi. Mzee wa watu anauogopea mgongo wake, anaogopa vijana watamcheka, vilevile kama mimi. Nikamhurumia, nikampenda, nikapiga.

Hakuwahi kuzuia. Ngumi ilimpata kifuani, akarudi nyuma, akakaa chini. Miguu yangu ilishageukia mlangoni, sikufichi. Mzee akakohoa, akainuka taratibu ameshika kiuno, akajikung'uta vumbi. Halafu akanitazama.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, rudia. Safari hii naizuia."

Nikarudia, akaizuia, na mkono ukanivimba. Nilirudi nyumbani nikauonyesha mama kama mtu aliyeshinda ng'ombe.

Basi sikiliza. Unasubiri utulie ndipo uingie. Utasubiri sana. Mimi ni mzee na mpaka leo sijatulia, tazama ninavyozunguka hiki chumba. Ingia nao huo woga, utakaa nao mle ndani, nao utazoea. Ukiambiwa upige, piga kweli, maana mwenzako kaja kujifunza kwako kama wewe ulivyokwenda kujifunza kwake. Akiwa mkubwa, mpe adabu yake, umtazame na machoni. Heshima si utumwa. Na siku utakayotupwa chini watu wakacheka, cheka nao, uinuke.

Mungu akupe mikono ya kukulinda na moyo usiomwonea mtu. Akushike miguu usigeuze njia ukifika kwenye ngazi zile. Baba yako huko aliko akuone, afurahi.

Sasa katoe zile nguo chini ya kitanda, uzikung'ute. Shikamoo yako ya asubuhi ninayo hapa, nimekuwekea. Nitaiitikia leo jioni, ukirudi.